Jinsi ya kusimulia maisha ya mwanaharakati wa Khalistan bila kugeuka kipaza sauti cha mtu

Tangu Hardeep Singh Nijjar apigwe risasi kule Surrey, Kanada, Juni 2023, simulizi za Makalasinga (Masikh) wanaodai nchi yao zimejaa mtandaoni, za Kiswahili zimo pia, na nyingi ukisikiliza dakika mbili tu unajua msimuliaji kaokota wapi. Ama kameza kila kitu cha runinga za India, jamaa gaidi basi, ama kameza cha wafuasi wake, jamaa shahidi basi. Sasa kama na wewe unataka kuandika uzi au kurekodi podikasti ya mtu wa aina hii nakupa njia ninayotumia mimi, na mfano sianzi na Nijjar, naanza na mzee mmoja anaitwa Jagjit Singh Chohan, maana yeye ndo alianzisha mambo mengi ambayo hawa wa sasa wanayarudia, alafu maisha yake yalishaisha, hayakubadilikii ukiwa katikati ya kuandika.

Kwanza ujue unaongelea nini. Khalistan ni nchi ambayo haipo, wanaoitaka wanasema imegwe kutoka Punjab, India. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Masikh kama milioni 20.8, Kanada sensa ya 2021 ilikuta kama 770,000, kwa iyo mtu akikwambia "Masikh wanataka nchi yao" muulize wapi na wangapi. Hata hawa wa kwetu, wa Nairobi na Kisumu ambao wengi wazee wao walikuja enzi za reli, mmoja wao Makhan Singh alikaa kizuizini kwa Mwingereza toka 1950 mpaka 1961 kwa sababu ya vyama vya wafanyakazi na kudai uhuru wa Afrika Mashariki, sio wa Punjab. Usimtie kila mwenye kilemba kapu moja.

Haya, kazi yenyewe. Chukua karatasi ikunje katikati. Kushoto andika "kwake", yaani London au Vancouver au popote alipo, kulia andika "Punjab". Kila tarehe ya maisha yake ikiingia kushoto, lazima utafute kulia kulikuwa na nini mwaka huohuo. Inachosha, lakini ndo kazi yote ilipo, maana mwanaharakati wa ughaibuni anaishi sehemu mbili, na ukiandika moja tu umeandika nusu mtu.

Tumjaze Chohan tuone. Kushoto: mtu wa Tanda, wilaya ya Hoshiarpur, daktari, 1967 anaingia bunge la jimbo, anakuwa naibu spika, baadae waziri wa fedha wa Punjab. Hapa usikimbie. Wengi wanaanza na "alikimbilia London" na ukianza hivo ushampa sura ya mkimbizi, wakati jamaa alikuwa mwanasiasa kamili, ana kiti, kiti chenyewe kakipoteza uchaguzi wa 1969 ndo akaelekea Uingereza. Aliyeshindwa kura na aliyeponea chupuchupu sio mtu mmoja, na msikilizaji ana haki ya kujua anasimuliwa yupi.

Alafu inakuja tarehe 13 Oktoba 1971, New York Times, tangazo linalotangaza madai ya taifa huru la Masikh. Nimesema TANGAZO. Utakutana na posti zinasema gazeti liliandika habari ya Khalistan mwaka 1971, hapana bana, ile ni nafasi ya kulipia, sio mwandishi wa habari aliyechunguza kitu. Kulia kwake weka nini? Punjab ya 1971 inavuna ngano ya mapinduzi ya kijani, na chama kikubwa cha Masikh, Akali Dal, kinachodai ni madaraka zaidi kwa jimbo, hata azimio lao maarufu la Anandpur Sahib la 1973 halikudai kujitoa India. Kwa iyo kushoto kuna taifa limeshatangazwa, kulia walio wengi hawana hata habari. Ongeza na hii: mwaka huohuo Chohan alipokewa Pakistani kama mgeni, na Desemba India na Pakistani zikapigana vita. India siku zote inasema mkono wa Pakistani ulikuwepo nyuma ya hii harakati. We andika hivohivo, "India inasema", tarehe ziweke jirani, msikilizaji ana akili zake.

Mwaka 1977 alirudi India, 1979 akaenda tena Uingereza, na 1980 likatangazwa Baraza la Taifa la Khalistan yeye akiwa rais. Hapa sasa ndo pa kukaa. Walitoa stempu. Walitoa pasipoti. Walitoa na noti za pesa, dola ya Khalistan. Fikiria stempu ambayo hakuna posta duniani itakayoipokea, pasipoti ambayo ukiitoa pale uwanja wa ndege afisa wa uhamiaji anakuangalia usoni. Ni rahisi kucheka, na wasimuliaji wengi wanacheka wanapita, mi naona wanapoteza kitu, maana mtu aliyeko mbali na nyumbani haihitaji ile stempu kwa barua, anaihitaji aishike mkononi. Na mchezo haujaisha. Kikundi cha Sikhs for Justice, kilichopigwa marufuku India 2019, kilianza kupigisha kura ya maoni ya Khalistan London tarehe 31 Oktoba 2021, kikaja Brampton kule Kanada, kikaja Surrey, watu foleni na karatasi za kura na masanduku, na hakuna serikali yoyote inayofungwa na matokeo yake. Ukishaielewa stempu ya 1980 hiyo foleni haikusumbui kuieleza.

Kulia, miaka hiyohiyo, mambo yanachafuka bila kusubiri London. Aprili 1978 Amritsar watu wanauana kwenye ugomvi kati ya Masikh na Wanirankari, dhehebu ambalo Masikh wengi wanaliona la uzushi, jina la mhubiri Jarnail Singh Bhindranwale linapanda, mauaji yanaanza. Na Bhindranwale mwenyewe kuhusu Khalistan alikuwa anasema haidai ila akipewa haikatai. Kwa iyo anayekusimulia kwamba Chohan ndo alikuwa anaongoza vita Punjab, karatasi yako inamkatalia.

Juni 1984 jeshi la India likaingia Hekalu la Dhahabu, Amritsar, hekalu takatifu kuliko yote kwa Masikh, kumtoa Bhindranwale na watu wake wenye silaha. Waraka wa serikali unasema walikufa wanajeshi 83 na watu wengine 493, Masikh wengi hawaikubali hiyo hesabu kabisa, wanasema ni wengi zaidi, taja zote mbili na useme ni ya nani. Siku chache baadae Chohan akatangaza serikali ya uhamishoni, na BBC ikamrusha akisema muda si mrefu watu watasikia Indira Gandhi, waziri mkuu wa India, na familia yake wamekatwa vichwa. Tarehe 31 Oktoba Indira akauawa na walinzi wake wawili, Masikh.

Hapo ndo kuna mtego mkubwa kuliko yote kwenye hizi simulizi. Fanya mafungu matatu: aliyoyasema, aliyoyafanya, na waliyoyafanya wengine. Maneno ya BBC yanaingia fungu la kwanza, na usiyafiche, ni mazito na aliyasema kwa mdomo wake. Mauaji ya Indira yanaingia la tatu. Kuyaunganisha kwa muziki wa huzuni na sauti nzito ni uongo hata kama hujasema neno la uongo. Alafu kulia andika Novemba 1984, Masikh wanachinjwa na kuchomwa mitaani Delhi, hesabu rasmi ya Delhi peke yake ni 2,733. Ukiiacha hii huwezi kueleza kwa nini Masikh wa Southall kule London na wa Vancouver ambao jana walikuwa wanaona stempu ni vichekesho leo wamejaa ukumbini.

Fungu la tatu lina mzigo mwingine ambao wafuasi wanapenda kuuruka: tarehe 23 Juni 1985, ndege ya Air India namba 182 iliyotoka Kanada ililipuka karibu na pwani ya Ayalandi, watu 329, watoto zaidi ya 80, wengi wao raia wa Kanada wenye asili ya India. Bomu lilitokana na wenye msimamo mkali huko huko Kanada, aliyepatikana na hatia ni mmoja tu, Inderjit Singh Reyat, wengine wawili waliachiwa huru 2005. Na kama unadhani Masikh wa ughaibuni wanaiogopa serikali ya India tu, soma habari za Tara Singh Hayer, mhariri wa gazeti la Kipunjabi kule Surrey, aliwapinga hadharani hao wenye msimamo mkali, 1988 akapigwa risasi akapooza, Novemba 1998 akamaliziwa kwenye gereji ya nyumbani kwake.

Maisha ya kila siku usiyasahau maana ndo yanayomfanya awe mtu. Nijjar alikuwa fundi bomba. Aliingia Kanada 1997, akapata uraia, na nguvu yake haikuwa mtandaoni, ilikuwa gurudwara, yaani hekalu la Masikh, yeye ndo alikuwa mwenyekiti wa gurudwara ya Guru Nanak pale Surrey. Hili wengi hawalioni: anayeshika kamati ya gurudwara anashika sadaka, anashika jikoni panapolisha watu bure, anashika na kipaza sauti cha Jumapili, ndo maana chaguzi za hizo kamati zinagombewa kama za ubunge. Kwa iyo ukitafuta kujua mwanaharakati ana watu kweli au ana wafuasi wa simu tu, uliza aliwahi kushinda kamati gani. Uliza na habari ya kurudi nyumbani. India ilikuwa na orodha nyeusi ya Masikh wa nje waliozuiwa kuingia, mpaka Septemba 2019 ilipofuta majina 312 kati ya 314. Mtu wa hivo mamake anafia kijijini yeye anaangalia mazishi kwenye simu.

Kwa waliokufa juzijuzi chunga maneno. Nijjar aliuawa Jumapili jioni tarehe 18 Juni 2023, ndani ya pikapu yake, kwenye paking ya gurudwara. India ilikuwa imemtangaza gaidi 2020, yeye alikanusha. Trudeau, waziri mkuu wa Kanada wakati huo, alisimama bungeni 18 Septemba 2023 akasema kuna madai ya kuaminika yanayowahusisha maafisa wa India, India ikasema ni upuuzi. Mei 2024 Wahindi wanne wakashtakiwa. Kutangazwa na serikali, kutajwa bungeni, kushtakiwa na kuhukumiwa ni vitu vinne tofauti, kwenye simulizi yako visiwe kimoja.

Kuhusu mwisho, usiulazimishe uwe mkubwa kuliko ulivyokuwa. Chohan hakufa kwa risasi. Serikali ya India ilimruhusu akarudi 2001, mwaka uliofuata akaanzisha chama, Khalsa Raj Party, akawa anahubiri Khalistan kwa njia ya amani, akafariki Aprili 2007 kwao Tanda. Kuna watu wameniambia mwisho huo unaboa, niweke kifo cha Nijjar ndo nifunge nacho. Sikuweka.

Ukimaliza andika tarehe juu kabisa ya posti, na asubuhi ya kuposti angalia tena kesi za Kanada na ile ya New York kuhusu njama ya kumuua Gurpatwant Singh Pannun wa Sikhs for Justice zimefika wapi, maana hizo zinaweza kusogea usiku mmoja wakati we umelala na skripti yako.