Somo: Kufunga kadi ya modemu 30 kwenye Cisco 3640 mpaka ipokee simu

Wakuu, salaam. Kijana mmoja ninayemfundisha mambo ya mtandao kaniletea Cisco 3640, yaani ruta (mashine ya kuunganisha mitandao), aliyoinunua kwa bei ya vyuma chakavu. Ndani ya mfuko wa pembeni kulikuwa na kadi mbili. Akashika ile nzito, imeandikwa NM-30DM, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akaniuliza: "Mzee, hii wanasema ina modemu thelathini. Mbona haina hata tundu moja la waya wa simu?"

Nimeamua kumjibu hapa ili na wengine wafaidike. Wengi wanaoziokota mashine hizi huanguka hapo hapo. Kadi ya modemu za kidijitali haina tundu kwa sababu simu haziingilii kwake. Zinaingilia kwenye kadi nyingine, ya E1 (laini ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja), kisha ruta yenyewe inazipeleka kwa modemu kupitia njia za ndani. Ukilielewa hilo, matatizo yako yamepungua nusu. Usipolielewa, utabadilisha modemu nzima nzima ukiziita mbovu.

Kwa waliozaliwa juzi: kabla ya kebo ya SEACOM kutua pwani yetu mwaka 2009, ukitaka intaneti nyumbani ulipiga simu ya mezani. Kompyuta ilikuwa na modemu inayopiga kelele, na upande wa pili, kwa mtoa huduma, kulikuwa na mashine kama hii imekaa ikipokea simu za watu thelathini kwa mpigo. E1 moja ina vipande 32 vya kilobiti 64. Cha 0 kinalinda mpangilio, cha 16 kinabeba maelekezo ya simu, na 30 vilivyobaki ni simu zenyewe. Ndiyo maana kadi ikawa ya modemu 30. Marekani wanatumia T1, kwa hiyo hesabu yao ni nyingine.

Kabla ya kugusa bisibisi

Utahitaji ruta, kadi ya Ethaneti (3640 haizaliwi nayo), kadi ya E1, kadi ya modemu na kebo ya konsoli (ya kuunganisha kompyuta na ruta ili uiandikie amri). Katika mfano wetu Ethaneti iko sloti (nafasi ya kadi) 0, E1 iko sloti 1, modemu ziko sloti 2. Namba za sloti zimeandikwa kwenye bodi, zisome, usikisie.

Kwenye kadi ya E1 angalia herufi ya mwisho. NM-1CE1B ni ya waya pacha wa omu 120, NM-1CE1U ni ya kebo ya koaksi ya omu 75. Ukichanganya, taa haitakaa sawa na utadhani laini imekufa.

Hatua ya 1: Zima umeme. Zima kweli.

3640 haikubali kadi kuingizwa ikiwa inawaka. Kaka yake 3660 anavumilia kubadilishana kadi za aina moja, huyu havumilii. Zima swichi, chomoa waya ukutani. Vaa kikuku cha kuzuia umemetuli na ukibane kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi. Kama huna, gusa chuma hicho kila mara kabla ya kushika kadi, na usifanyie kazi juu ya zulia.

Fungua skrubu mbili za kifuniko cha sloti. Sukuma kadi kwenye reli zake polepole mpaka uisikie inakaa kwenye kiungio cha nyuma. Kile kisauti kidogo cha "tak" ndicho unachokitafuta. Ikigoma, itoe uanze upya, usiipigie goti. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto. Sloti isiyo na kadi ibaki na kifuniko chake, la sivyo hewa ya feni inapotea njiani na modemu zinachemka.

Kama kadi yako haijajaa, vibao vidogo vya modemu vinaongezeka sita sita. Kibao huingia kwa kuinamishwa, kisha unakisimamisha mpaka vibanio vya pembeni vikishike, kama RAM za kompyuta za zamani.

Hatua ya 2: Washa na uulize ruta inaona nini

Konsoli ni 9600, biti 8, bila pariti, stopu 1. Ikishawaka:

show diag
show modem

Ya kwanza ikikuonyesha kadi sloti 2, na ya pili ikaorodhesha 2/0 hadi 2/29, umefika. Jifunze kusoma herufi zinazokaa kando ya namba ya modemu. Nyota maana yake kuna mtu hewani. B kubwa ni modemu iliyotiwa alama ya ubovu. b ndogo ni iliyozimwa na mtu kwa makusudi. R inajianzisha upya. Nimewahi kuona fundi akitupa kibao kizima kwa sababu ya b ndogo, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyezizima jana yake.

Hatua ya 3: E1 kwanza, modemu baadaye

isdn switch-type primary-net5
controller E1 1/0
 framing crc4
 linecode hdb3
 pri-group timeslots 1-31

Baada ya pri-group, ruta inazaa yenyewe interfesi Serial1/0:15. Msishangae ile 15. Kipande cha maelekezo ni cha 16, ila hapa kuhesabu kunaanzia sifuri pale kwenye kipande cha kwanza.

Sasa simama. Usiende kwenye modemu kabla ya haya mawili kukaa sawa:

show controllers e1 1/0
show isdn status

Ya kwanza iseme "up" na makosa yasipande. Ya pili lazima ionyeshe MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED. Isipoonyesha, hakuna modemu duniani itakayopokea simu yako. Kama upande wa pili hautumii CRC4 (ukaguzi wa makosa kwenye laini), badilisha iwe framing no-crc4.

Hapa nina kidonda. Zamani, kwenye ofisi moja ya huduma za intaneti Kariakoo, wateja walikuwa wanaungana vizuri, wanakaa dakika nne au tano, wanakatika. Nikabadilisha vibao vya modemu. Nikabadilisha kadi. Siku ya tatu ndipo nikatazama mstari wa Slip Secs (sekunde ambazo saa za pande mbili zilipishana) kwenye show controllers: ulikuwa unapanda kila nilipoutazama. Mtu (sitasema nani, lakini mikono yake ndiyo inaandika somo hili) alikuwa ameweka clock source internal, saa ya ruta na saa ya upande wa pili zikawa zinakimbizana. Mtu anayezungumza kwenye laini kama hiyo husikia mkwaruzo mdogo, akaendelea. Modemu haivumilii, kila mkwaruzo inaanza kupatana upya, na mwisho inakata. Acha clock source line, saa itoke kwa kampuni ya simu.

Hatua ya 4: Mstari mmoja unaosahaulika

interface Serial1/0:15
 isdn incoming-voice modem

Simu ya modemu inafika ikiwa imevaa nguo za simu ya sauti, kwa sababu aliyepiga katumia laini ya kawaida. Bila mstari huu ruta haijui kwamba simu hiyo ni ya kupelekwa kwa modemu, inaikataa. Washa debug isdn q931, piga simu, tazama Bearer Capability (aina ya simu inayoingia). Ukiona 0x8090A3 ni sauti, na 0x9090A3 ni sauti ya kilohezi 3.1: zote mbili ni za modemu. Ukiona 0x8890 ni simu ya data ya ISDN (ya kidijitali mwanzo hadi mwisho), hiyo haihitaji modemu kabisa.

Hatua ya 5: Laini za modemu na PPP (lugha ya kubeba intaneti juu ya simu)

Namba za laini kwenye familia hii zinapatikana kwa hesabu: sloti mara 32, jumlisha namba ya modemu, jumlisha 1. Modemu 2/0 ni laini ya 65, modemu 2/29 ni ya 94. Ukihamishia kadi sloti 3 utaanzia 97, na mipangilio yote ya chini itaelekea hewani. Ruta haitakuonya.

username asha password siri-ndefu
ip local pool wateja 192.168.50.10 192.168.50.39

interface FastEthernet0/0
 ip address 192.168.50.1 255.255.255.0

interface Group-Async1
 ip unnumbered FastEthernet0/0
 encapsulation ppp
 async mode interactive
 peer default ip address pool wateja
 ppp authentication chap pap
 group-range 65 94

line 65 94
 login local
 modem Dialin
 autoselect during-login
 autoselect ppp
 transport input all

Anwani za pool (akiba ya kugawia wateja) ni 30 kamili, moja kwa kila modemu. Ukiweka 20, mteja wa ishirini na moja atapokelewa, jina na nenosiri vitakubalika, kisha atakosa anwani, na utalaumiwa wewe.

Hifadhi kwa copy running-config startup-config. Piga simu. Ukisikia ule mlio mrefu unaokwaruza halafu ukimya, andika show users uone nani kaingia.

Maswali ya wanachama

Fundi Mtwara: Mkuu, somo limekaa vizuri. Mimi sina E1 wala kampuni itakayoniuzia kwa ajili ya kuchezea. Nijifunzie wapi?

Jibu: Hata kijana wangu hana. Tumechukua kompyuta ya zamani, tukaweka kadi ya E1 na Asterisk (programu ya kuendesha mtambo wa simu), ikajifanya ndiyo kampuni ya simu. Upande wa Asterisk weka signalling=pri_net, na kwenye mstari wa span namba ya saa iwe 0, maana yake yeye ndiye anayetoa saa: span=1,0,0,ccs,hdb3,crc4. Kebo kati yao iwe ya kupishana: pini 1 na 2 ziende kwenye 4 na 5 za upande wa pili. Kumbuka NM-1CE1B ina kiungio cha pini 15, kwa hiyo utahitaji kebo ya kugeuza.

Neema_K: Shikamoo mwalimu. Nimeunganisha, inashika, ila haipiti kilobiti 33.6. Modemu yangu imeandikwa 56K. Kadi ni mbovu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kadi ni nzima. Ile 56K ya V.90 (kiwango cha modemu za kasi hiyo) inapatikana kuelekea kwa mteja tu, na kwa sharti kwamba njiani sauti igeuzwe kati ya analogi na dijitali mara moja, pale karibu na mteja. Ndiyo sababu seva lazima ikae kwenye laini ya kidijitali. Kuna PBX (mtambo wa simu za ndani) ya ofisi katikati?

Neema_K: Ipo, na inaunganishwa na laini za analogi.

Jibu: Basi umeshajijibu. Toka nje ya hiyo PBX ujaribu.

Mzee wa Tanga: Mimi ninayo NM-16AM, hiyo ina matundu ya simu kabisa. Si bora hiyo kuliko kuhangaika na E1?

Jibu: Mzee mwenzangu, kwa laini nne tano za kawaida, hiyo inatosha na utalala mapema. Ila anayekupigia hatapata zaidi ya 33.6, kwa sababu hiyo hiyo niliyomwambia Neema.

Dogo Janja wa LAN: Bro, Windows inaniletea 691. Nimebadilisha modemu mara tatu.

Jibu: Rudisha modemu ya kwanza. 691 maana yake modemu zimeshaelewana zamani, kilichokataliwa ni jina au nenosiri. Ingekuwa 678, hapo upande wa pili haukujibu, na ungerudi hatua ya 3 na ya 4. Washa debug ppp negotiation utaona mwenyewe. Na angalia kama hukuacha nafasi tupu mwishoni mwa nenosiri ulipobandika.

Fundi Mtwara: Nimerudi. Asterisk imekubali, isdn status safi. Nimepiga kutoka kwenye simu ya IP yenye adapta, modemu zinalia mpaka mwisho halafu zinakata.

Jibu: Adapta inatumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) gani?

Fundi Mtwara: G.729.

Jibu: Hiyo inabana sauti kwa kudhani ni mtu anaongea, mlio wa modemu unafika umekatwakatwa. Weka G.711 A-law, zima kukandamiza ukimya na kufuta mwangwi. Hata hivyo usitegemee kasi kubwa, pakiti zikichelewa kidogo modemu inahesabu ni kosa. Kama una kadi ya FXS (yenye tundu la simu ya kawaida), chomeka modemu ya mteja hapo hapo kwenye Asterisk.

Mama Chipsi IT: Mimi swali langu fupi. Kati ya simu kumi, moja au mbili zinakufa, nyingine safi. Nifanyeje bila kuzima wote?

Jibu: Dada, tazama show modem, safu ya asilimia ya mafanikio. Ukiona 2/17 ina 12% na jirani zake zina 95, umempata mwizi. Ingia line 82 (fanya ile hesabu: 64 + 17 + 1), andika modem bad. Simu zitamruka, wengine wataendelea. Kama wabovu ni sita wanaofuatana, kwa mfano 2/12 hadi 2/17, basi ni kibao kimoja kimelegea au kimekufa. Hapo subiri usiku, zima umeme, ukikalishe upya.

Mama Chipsi IT: Ni 2/12 mpaka 2/17 kweli. Umejuaje?

Jibu: Vibao ni vya sita sita, dada. Usiku mwema, na usisahau kuchomoa waya ukutani.