Safari ya mafunzo Ujerumani kwa ufadhili wa DAAD: kundi la wanafunzi linaombaje, kuanzia darasani hadi viza

Wanafunzi huniuliza swali lile lile kila mwaka: "Tangazo la safari za nje linatoka lini?" Wanasubiri karatasi ibandikwe ubaoni au CR (mwakilishi wa darasa) alete habari kwenye kundi la WhatsApp. Kwa ufadhili ninaouelezea hapa, karatasi hiyo inaweza isibandikwe kabisa. Safari hii haianzi kwa mfadhili kukuita jina. Inaanza kwa wanafunzi kumi na mwalimu mmoja waliokaa wakakubaliana wanataka kwenda kuona nini.

DAAD ni shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma. Lilianzishwa mwaka 1925, makao makuu yake yako Bonn, na tangu 1973 lina ofisi Nairobi inayohudumia ukanda wetu. Wengi wanalijua kwa ufadhili wa uzamili na uzamivu. Wachache wanajua kwamba lina pia programu ya safari za mafunzo kwa makundi: wanafunzi 10 hadi 15 pamoja na mhadhiri wao, siku 7 hadi 12 ndani ya Ujerumani, wakitembelea vyuo, maabara, viwanda na ofisi zinazofanya kazi wanayoisomea. Si kozi, wala haikupi ajira. Inakupa nafasi ya kuiona kazi ikifanyika na kumuuliza anayeifanya, na kwa kijana wa mwaka wa pili au wa tatu ambaye field yake (mafunzo kwa vitendo) yote ilipita kwenye kupanga mafaili, hilo ni jambo kubwa.

Ili maelezo yasielee hewani nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: wanafunzi wa lojistiki na usafirishaji kutoka Dar es Salaam wanaotaka kwenda Hamburg. Miji hii miwili ni miji dada tangu 2010, na yote inaishi kwa bandari.

Mwalimu kwanza

Mwanafunzi mmoja mmoja hawezi kuomba. Ombi linaingizwa na mhadhiri kwa niaba ya kundi, na yeye ndiye anayesafiri nanyi na kubeba dhamana ya fedha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumpata mwalimu, na mwalimu hapatikani kwa kumsimamisha koridoni.

Andikeni ukurasa mmoja tu: mnasoma nini, mnataka kwenda kujifunza nini ambacho hapa hakionekani, mji gani, mwezi gani, na nani watasaidia kazi ya kuandika barua. Nendeni wawili au watatu, kwa miadi. "Shikamoo Dokta. Tumeandaa wazo la safari ya mafunzo, tunaomba dakika kumi za kukueleza. Kazi ya maandishi tutaifanya sisi, wewe utusahihishe." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango. Wahadhiri wengi hawakatai safari, wanakataa mzigo wa makaratasi juu ya mitihani wanayosahihisha. Mkiweza, anzeni na yule aliyesoma Ujerumani au aliyewahi kuandika makala na watu wa huko, kwa kuwa barua pepe yake kwa profesa aliyemfundisha itajibiwa haraka kuliko yenu.

Tarehe, na mtego wake

Kwa kawaida programu hii hufungua milango mitatu kwa mwaka. Wanaotaka kusafiri kuanzia Machi huomba kabla ya tarehe 1 Novemba, wa kuanzia Juni kabla ya 1 Februari, na wa kuanzia Septemba kabla ya 1 Mei. Mhadhiri athibitishe tarehe za mwaka husika kwenye tovuti ya DAAD kabla hamjapanga lolote.

Mtego uko kwenye kalenda za vyuo. Kwetu likizo ndefu huangukia kati ya Agosti na Oktoba, kwa hiyo kila kundi hukimbilia Septemba. Lakini Septemba vyuo vya Ujerumani navyo viko likizo: muhula wao wa kiangazi una vipindi kuanzia Aprili hadi katikati ya Julai, na wa baridi huanza katikati ya Oktoba. Ukifika Septemba utakuta kampuni ziko kazini ila madarasa ni matupu, na kukutana na wanafunzi wenzenu ni mojawapo ya malengo ya programu. Juni ni mwezi mzuri kwao, kwetu ni maandalizi ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Ushauri wangu ni wiki mbili za mwisho za Oktoba, kwa vyuo vyetu ambavyo bado havijafunguliwa. Kama lazima iwe mapema zaidi, epukeni tarehe 3 Oktoba, ni sikukuu ya kitaifa na ofisi zimefungwa.

Programu ya siku kwa siku

Hapa ndipo maombi mengi hufia, na hapa ndipo ningependa mtumie nusu ya muda wenu wote.

Mstari dhaifu husomeka hivi: "Jumanne: kutembelea bandari ya Hamburg." Anayesoma hajui mtaenda kufanya nini, na atadhani mnataka kupiga picha na meli. Mstari wenye nguvu husema: Jumanne asubuhi, saa tatu kwenye gati la makontena la Altenwerder, ambako tangu 2002 makontena husafirishwa ndani ya yadi na magari yasiyo na dereva, kundi litafuatilia hatua za kontena moja tangu linaposhushwa melini hadi linapopakiwa kwenye treni, na kuzilinganisha na hatua za bandari ya Dar es Salaam. Alasiri, semina chuoni: wanafunzi wetu wawili wanawasilisha mada kuhusu foleni ya malori na nafasi ya reli ya SGR, kisha majadiliano na wanafunzi wenyeji.

Umeona tofauti? Mstari wa pili unaonyesha mmekwenda na maswali, na kwamba na nyinyi mna kitu cha kuwaambia wenyeji. Kila siku iwe na mahali, saa, mwenyeji na sababu. Msizunguke sana: siku mbili Bremen na Bremerhaven, miji ya bandari iliyo jirani, zinaeleweka kwa watu wa lojistiki, lakini kuruka hadi Munich kwa sababu mnapenda mpira hakutaeleweka. Utamaduni una nafasi yake na uwekwe wikendi. Mtaa wa maghala ya zamani ya Hamburg, Speicherstadt, uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015; ni maghala yaliyokuwa yakihifadhi kahawa, chai na viungo. Mtoto wa Mbinga au wa Moshi akisimama pale anaelewa kahawa ya nyumbani inaishia wapi.

Jambo dogo lililotugharimu wiki nzima nilipokuwa nikisaidia kundi kuandaa programu: rasimu yetu iliandikwa "3:00" tukimaanisha saa tatu asubuhi. Mwenyeji akajibu kwa upole akiuliza kama kweli tunataka kukutana saa tisa usiku. Andikeni kwa saa 24, 9:00 hadi 12:00, na mmoja wenu apitie ratiba nzima akiangalia saa tu.

Barua za wenyeji

Ratiba bila barua za wenyeji ni ndoto zenu tu. Kila taasisi kubwa mliyoitaja ithibitishe kwa maandishi kwamba iko tayari kuwapokea. Anzeni kuandika miezi minne kabla ya mwisho wa kutuma maombi, na msiandike kwa ile anwani ya jumla iliyo chini ya tovuti. Tafuteni jina la mkuu wa kitengo kinachohusika, au ofisi ya mahusiano ya kimataifa ya chuo, na mhadhiri aandike kwa barua pepe ya chuo chake. Aya tatu zinatosha: sisi ni nani, tunaomba nini hasa na siku gani, na sisi tutaleta nini.

Barua inayorudi iwe na nembo ya taasisi, tarehe, jina la chuo chenu, idadi ya watu, siku na kitakachofanyika, na sahihi. Wiki mbili zikipita bila jibu, kumbusheni kwa sentensi mbili. Julai na Agosti Wajerumani wengi wako likizo, kwa hiyo kimya cha miezi hiyo msikichukulie kuwa ni kukataliwa.

Nani aende

Naomba hili mlitilie maanani kuliko yote. Vigezo vya kuchagua viandikwe kabla majina hayajatajwa: matokeo, barua fupi ya kila anayeomba, uwezo wa kujieleza kwa Kiingereza, na uwiano wa wanawake na wanaume. Idara ivipitishe na vibandikwe. Wekeni na wawili wa akiba.

Msichague kwa kigezo cha "nani tayari ana pasipoti". Nimeona majina yakipangwa hivyo, na waliobaki nyuma walikuwa wale wanaoishi kwa bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) peke yake. Pasipoti ni karatasi inayopatikana kwa wiki chache. Kijana aliyetoka Sikonge kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwenye maswali mazuri kuliko wote darasani, hapatikani mara ya pili.

Fedha na fomu

DAAD hutoa kiwango maalumu kwa kila mtu kwa kila siku ya programu, cha kusaidia malazi, chakula na usafiri wa ndani, na huwakatia washiriki bima ya afya, ajali na dhima. Pasipoti ni juu yenu. Kuhusu nauli ya ndege, mhadhiri asome kipengele hicho katika tangazo la mwaka wenu neno kwa neno, kisha mpate bei halisi kutoka kwa wakala wawili. Kama kuna pengo, liandikeni kwenye bajeti pamoja na atakayeliziba: chuo, kampuni, au michango. Lisiachwe wazi kwa matumaini.

Fomu inajazwa na mhadhiri kwenye mfumo wa DAAD mtandaoni, ikiambatana na maelezo ya malengo, programu ya siku kwa siku, orodha ya washiriki na barua za wenyeji. Viambatisho viwe PDF zinazosomeka, si picha za simu zenye kivuli cha mkono. Tumeni siku tano kabla. Umeme ukikatika usiku wa mwisho hakuna wa kumlilia.

Pasipoti na viza

Pasipoti zianze kushughulikiwa siku ile ombi linapotumwa, msisubiri majibu. Unajaza fomu ya Uhamiaji mtandaoni ukiwa na namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, unapata kontroli namba, na pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Kabla ya kujaza, panga mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na matokeo ya kidato cha nne, usome jina herufi kwa herufi. "Mohamed" hapa na "Mohammed" pale, au jina la babu lililoachwa, litakurudisha dirishani mara tatu.

Majibu yakiwa mazuri, kila mmoja anaomba viza yake ya muda mfupi ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo) hata kama mnasafiri kundi moja. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Msikaribie hizo siku 15, kwani uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kusogezwa hadi 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iishe angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ifikie euro 30,000. Ombeni DAAD barua ya kuthibitisha bima na ufadhili, kila mtu na nakala yake.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Lakini Kifungu cha 16 cha Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya kinawasamehe wanafunzi na walimu wanaowasindikiza kwa safari ya masomo. Barua ya chuo iseme wazi kwamba hii ni safari ya mafunzo, na mkitaje kifungu hicho mnapowasilisha. Ada ya huduma ya kituo cha kupokelea maombi, pale inapotozwa, ni kitu kingine na haisamehewi.

Barua ya chuo itaje pia mwaka wako wa masomo na tarehe unayotakiwa kurudi darasani. Ukiulizwa utarudi kufanya nini, jibu lililo kweli linatosha: nina mwaka mmoja umebaki na muhula unafunguliwa tarehe fulani.

Mhadhiri wa chuo cha umma naye anahitaji kibali cha mtumishi wa umma kusafiri nje ya nchi, na kinapita mikono mingi. Aanze mapema kama nyinyi mnavyoanza viza, maana bila yeye kundi zima haliondoki.

Siku ya kuondoka, barua ya mwaliko, barua ya ufadhili, bima, ratiba na tiketi ya kurudi vikae kwenye begi la mkononi, vimechapishwa. Afisa wa mpaka uwanja wa ndege wa Frankfurt anaweza kuviomba, na wakati huo sanduku lako bado liko kwenye tumbo la ndege.