Somo: Kuchagua rili ya kuvulia, anza na breki usianze na beringi

Wakuu habari za jioni. Naona wengi wanahama kutoka mshipi wa mkono kwenda rodi na rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi), jambo zuri, ila dukani wanaumia, muuzaji anakuhesabia beringi, "hii inazo 13", na wewe unatoa hela. Mimi navulia Tanga, mwambani na kwenye ngalawa, kwahiyo naongelea maji chumvi.

Kwanza jua unavua nini na wapi. Changu wadogo kando ya mikoko, rili ya namba 2500 au 3000 (hiyo namba ni ukubwa wa rili) inatosha kabisa. Ukisimama mwambani unarusha mbali, chukua 4000 mpaka 6000. Nguru na kolekole wakubwa kwenye boti, anzia 8000. Ila kila kampuni ina vipimo vyake, 5000 ya huyu inaweza kuwa ndogo kuliko ya yule, kwahiyo angalia kwenye spuli (pale mshipi unapokunjwa) imeandikwa inabeba mita ngapi za mshipi wa unene gani, hiyo ndo namba ya kuamini.

Pili ni breki, na hapa soma polepole. Kolekole akishika tu anakimbilia kwenye mawe, humzuii kwa ubavu, breki ndo inamchosha huku ikimpa mshipi kidogokidogo. Kwenye boksi wanaandika nguvu ya breki, kilo 10, kilo 15, sawa, lakini ulaini ndo muhimu. Mimi nilishapoteza kolekole mkubwa kwa rili yenye kilo nyingi tu, breki ikawa inashika inaachia, inashika inaachia, mshipi ukakatika pap! Mpaka leo naumia. Ukiwa dukani omba wakuwekee mshipi, kaza breki nusu, vuta kwa mkono taratibu. Ikirukaruka irudishe, hata kama bei imekuvutia. Washa (visahani vya ndani ya breki) za kaboni zinavumilia joto kuliko za felti, uliza.

Tatu chumvi. Shika hendo (mkono wa kuzungushia) uitikise, ikicheza sana achana nayo. Fungua na funga ule waya unaorudisha mshipi hata mara 10, usikie unavyojifunga. Beringi 4 au 5 zilizozibwa vizuri zinaishi kuliko 13 zitakazoliwa na kutu bamvua (maji makubwa) mbili tu.

Nne mwendo. Ukiona 5:1 maana yake ukizungusha hendo mara moja rota (kichwa kinachokunja mshipi kwenye spuli) inazunguka mara 5. Kwa chambo bandia cha nguru chukua 6:1 maana yeye anafukuza kitu kinachokimbia, ya chini inavuta vizuri mzigo wa kilindini. Usiumize kichwa sana hapa.

Ukishanunua jaza mshipi ubakize kama milimita 2 kufika ukingo wa spuli. Ukijaza mpaka juu unamwagika mafundo, ukiwa mchache haurushi mbali.

MASWALI

Mkuu asante kwa somo. Nimeweka uzi wa kusuka, nikivuta unazunguka wote juu ya spuli hata nikikaza breki, rili mbovu?
– Rili nzima hiyo mkuu. Uzi wa kusuka unateleza kwenye chuma, anza na nailoni mizunguko kadhaa ndo uungie.

Kaka breki nikaze kiasi gani?
– Robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 15, breki kilo 4 mpaka 5. Funga mizani ya kuning'iniza kwenye mshipi, vuta usome, usikadirie kwa mkono.

Mimi ni shoto, nitafute rili maalumu?
– Hapana dada, nyingi hendo inahamishika upande wa pili, mwambie akuhamishie palepale.

Niko Mwanza, nataka sangara.
– Maji baridi hayo, pesa ya kukinga chumvi weka kwenye breki na gia. 6000 itakufaa ukiwa kwenye boti.

Nikitoka baharini naiosha vipi? Naizamishaga kwenye ndoo.
– Acha kabisa kaka, unapeleka chumvi ndani. Kaza breki kwanza maji yasiingie kwenye washa, imwagie maji yasiyo na chumvi taratibu bila presha, ifute, iache kivulini ikauke. Halafu legeza breki yote ndo uitunze, ukiiacha imekazwa wiki nzima washa zinabanana na ndo mwanzo wa ile kushika na kuachia niliyoisema.