Kutumia sensa ya MQ-3 kunusa pombe, kwa sisi wa Malindi

Haya wakuu, MQ-3 ina pini nne: VCC (ya umeme) peleka 5V, GND (hasi) kwa GND, AO (inatoa volteji inayopanda na kushuka) iende A0 ya Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), DO (inatoa ndiyo/hapana tu) achana nayo kwanza. Ndani kuna hita inayopasha moto tin dioksaidi (ndiyo inayohisi pombe), inakula kama 150mA hivi so ukiishika ikiwa moto usishtuke, ndo kazi yake. Mpya iwashe siku nzima kabla hujaiamini, manake mwanzoni namba zinashuka tu zenyewe.

Halafu hapa kwetu Pwani joto na unyevu vinaisumbua kweli, kwa hivyo usikopi namba za mtu wa Nairobi, soma analogRead (amri ya Arduino ya kusoma namba ya AO) kwenye hewa safi ya chumba chako, andika, kisha sogeza kitambaa chenye sanitaiza (usiimwagie!) uone inapanda hadi wapi, kizingiti (namba ambayo ikipitwa unahesabu kuna pombe) weka katikati. Marashi nayo yataipandisha, na glasi ya mnazi pia, jaribu uone lol.

Wenye ESP32 (bodi nyingine kama Arduino), AO inaweza kufika 5V na pini zenu ni 3.3V, wekeni rezista mbili za kugawa volteji.

Na tafadhali usiitumie kuamua kama mtu aendeshe boda, hiyo si mashine ya polisi.