Kuweka Kiraka Kwenye Sakafu ya Gari Iliyoliwa na Kutu

Bati la sakafu ya gari dogo lina unene wa milimita 0.7 hadi 1.0 hivi. Ukilichomelea kwa moto wa kuchomelea geti la chuma, litatoboka au kujikunja.

Chomoa waya hasi wa betri. Ng'oa viti, zulia na lami ya kuzuia kelele, kisha chungulia chini: mabomba ya breki na ya mafuta hupita hapo, yasogeze. Weka maji karibu.

Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima. Gonga kingo kwa bisibisi. Ikizama, endelea kukata. Ukiunganisha na bati lililokonda, mshono utabaki mzima ila bati litapasuka kando yake. Pembe za kiraka zifanye mviringo, na unene uwe uleule. Wengi huweka bati nene wakidhani ni imara zaidi, lakini linahitaji moto mwingi, na bati jembamba ndilo huungua kwanza.

Kwa mashine ya MIG (inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, ukilindwa na gesi) tumia waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa argoni na kabonidayoksaidi. Anzia ampia 35 hadi 50, ukijaribu kwanza kwenye kipande cha bati lile lile. Kibanio cha ethi (cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine) kishike chuma safi karibu na kazi. Ukisikia mlio wa vitumbua vikikaangwa, umepatia. Waya ukilipuka-lipuka, rekebisha kasi yake.

Bandika kiraka kwa nukta za kuchomelea kila sentimita 3, upande huu kisha wa pili, usifuate mstari. Halafu jaza nafasi kwa nukta fupi, kila moja baada ya wekundu wa iliyotangulia kuisha. Bati likitoboka, shikiza kipande cha shaba nyekundu nyuma yake, hakishikani na chuma, kisha jaza kutoka pembeni. Vitundu kama vya sifongo vinatokana na rangi, mafuta au upepo unaopeperusha gesi. Zima feni.

Kuunganisha kwa brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) kunafaa pale mabati yanapolaliana sentimita 1 hadi 1.5, si ncha kwa ncha. Paka boraksi (unga wa kusafisha chuma), pasha chuma kwa gesi mpaka wekundu hafifu, kisha gusisha ufito wa brasi: joto la chuma ndilo liuyeyushe, si ndimi za moto. Moshi mweupe maana yake zinki inaungua. Punguza moto, usivute moshi huo. Usitumie brasi penye mkanda wa usalama au chesisi, wala usichomelee juu yake baadaye. Brasi huingia kwenye chuma na kukipasua. Boraksi iliyoganda kama kioo ioshe kwa maji ya moto na brashi ya waya, la sivyo rangi itabanduka.

Saga nundu tu, usikondeshe bati. Kabla ya praima (rangi ya kwanza) na gundi ya kuziba mishono, mulika kwa tochi kutoka chini. Panapopita mwanga, maji yatapita.