Kabla hujaniita nikujengee ukuta wa bahari

Huku Lamu simu yangu hulia sana mwezi wa sita na wa saba, kusi, yaani upepo wa kusini, ikishakaza. Mtu wa Shela, wa Manda, pengine mpaka wa Kiwayu, ameamka akakuta ukingo wa kiwanja chake umekatika na mizizi ya mnazi inaning'inia. "Fundi, njoo na mawe." Mimi ni mwashi. Nimejenga kwa mawe ya machimbo ya Maweni, Manda, na simiti miaka 31, na hakuna kazi inayonilipa kama ukuta wa bahari. Lakini siku hizi namwambia mtu angoje angalau mwaka mmoja, na katika huo mwaka afanye haya.

Kwanza pima. Tafuta kitu kisichohama: pembe ya nyumba, mdomo wa kisima, au nguzo ya mti wa mkandaa uliyoizika mwenyewe urefu wa mita moja chini. Vuta utepe kutoka hapo mpaka pale majani yanapokoma na mchanga mtupu unapoanza. Usipime mpaka majini, maana maji hayakai pahali pamoja hata saa moja. Andika tarehe na kipimo katika daftari, si katika simu. Simu huanguka baharini. Fanya hivyo kila mwezi, siku mbili baada ya mwezi kuandama, bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, ikiwa imekolea. Kwetu bamvua hujaa karibu na saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, kwa hiyo kwenye saa nne za asubuhi ufuo uko wazi na una nafasi ya kutosha. Ukitoka, angalia pia mstari wa takataka na majani makavu yaliyoachwa na maji ya alfajiri. Huo ndio mpaka wa bahari kwa mwezi huo, na watu wengi huukanyaga bila kuuona.

Kwa nini mwaka mzima? Kwa sababu mchanga wetu ni msafiri. Kusi huja na mawimbi ya kusini yakausukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikirudi, mwingi wake hurudi nayo. Anayepima mwezi wa nane peke yake atalia, na anayepima mwezi wa tatu peke yake atajisifu. Linganisha mwezi wa tatu na mwezi wa tatu. Katika daftari langu kuna kiwanja kimoja: mita 14.20 mwezi wa tatu, mita 11.60 mwezi wa nane, mita 14.05 mwezi wa tatu uliofuata. Mwenyewe alikuwa ameshaagiza jahazi mbili za mawe. Kilichopotea kweli ni sentimita 15, na kwa sentimita 15 mtu hajengi ngome.

Wala usichukue habari za pwani nyingine ukazifanya zako. Malindi mjini, Mto Sabaki humwaga matope na mchanga ghubani, ufuo ukapanuka hata baadhi ya hoteli zilizokuwa karibu na maji sasa zina mwendo mrefu kuyafikia. Kipini, kwenye mlango wa Mto Tana, bahari imekula nyumba za watu.

Wakati unapima, zuia mchanga usipungue kwa mikono yako. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Vilima vya mchanga vya Shela si udongo wa kufyatulia matofali. Mvua hunywewa na vilima hivyo, ikakaa chini juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na visima vinavyonywesha mji wa Lamu huchotwa humo. Kila punda anayeshuka na magunia mawili ya mchanga anashuka na maji ya mtu. Kisima chako ukikionja siku za bamvua kikawa na chumvi ambayo siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, haipo, punguza pampu, chota kidogo kidogo kwa ndoo, kutoka juu. Kukichimba zaidi ni kuifuata chumvi kule iliko.

Usizoe nyasi za bahari zinazorundikana ufuoni. Najua zinanuka, na mgeni aliyelipa hataki kuziona. Lakini rundo lile hushika mchanga na kulivunja wimbi la mwisho. Na ule mmea unaotambaa, wa maua ya zambarau, usiung'oe ili ufuo uonekane safi. Tengeneza njia moja ya kushukia, watu wote wapite hapo.

Palipopata kijia cha upepo, weka ua wa makuti. Hii ni kazi ya watu wawili na asubuhi moja. Simika fito kila baada ya hatua mbili, juu ya ule mstari wa takataka, kamwe si chini yake. Funga makuti yasiyosukwa sana, upepo upite nusu na nusu uzuiwe. Ukiyabana kama ukuta, upepo utapiga mbizi na kuchimba chini. Urefu wa kiuno unatosha. Siku za kwanza utaona mkia mdogo tu wa mchanga nyuma ya kila ufito, kama mikia ya paka. Kisha mikia huungana. Makuti yakizama, simika mengine juu yake.

Mikoko je? Watu hupenda kupanda mikoko wakapigwa picha. Upande wa bahari kuu, penye mchanga na wimbi, utaipoteza yote kabla ya kusi kwisha. Mikoko ni ya penye tope na maji tulivu: mikono ya bahari ya Matondoni, Kipungani, nyuma ya Manda na Pate. Na hata huko mstari wa mbele ni wa aina za mlilana na mchu; mkoko wenyewe hukaa nyuma yao, mkandaa nyuma zaidi. Ukipanda kinyume na mpangilio wao umetupa miche.

Sasa ukuta. Miaka ya nyuma nilimjengea bwana mmoja ukuta wa mita 40, mawe na simiti, umesimama wima kama wa msikiti. Tuliupaka chokaa. Kusi ya kwanza wimbi lilipiga, likarudi kwa nguvu ileile, likachukua mchanga wa miguuni. Kusi ya pili msingi ulionekana. Niliweza kuingiza mkono mpaka kiwiko chini ya jiwe la kwanza. Kusi ya tatu ukalala kifudifudi. Hilo lingekuwa hasara ya mwenye ukuta na aibu yangu, basi. Lakini pale ukuta ulipokoma, bahari ilipinda na kuingia kwa jirani, mama mjane ambaye hakuwa na ukuta wala pesa ya ukuta. Alinikuta gatini, mbele ya watu. "Fundi, ule ukuta wako umenihamishia bahari jikoni." Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo daftari lako likionyesha miaka miwili mfululizo kwamba unapoteza nusu mita au zaidi, na ukaamua lazima mawe, usije kwangu peke yako. Njoo na majirani wa pande zote mbili. Ukuta wa bahari unataka idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na ufuo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni wa umma kwa katiba. Mimi nitataka mteremko wa mawe makubwa yaliyolegezwa, yanayolinyonya wimbi, si ukuta wa kulirudisha. Na msingi uanzie chini ya kina ambacho mchanga hushuka mwezi wa nane. Magunia ya plastiki yaliyojazwa mchanga wa ufuo huohuo usinionyeshe. Jua huyapasua, na mchanga ulikuwa wako tangu mwanzo.

Na kama hesabu inasema bado mita sita na kila mwaka inakwenda moja, usidhani una miaka sita. Usiku mmoja wa bamvua na upepo unaweza kuchukua mbili. Anza kuhama ukiwa bado na nafasi. Yule mama tulimvunjia jiko kwa hisani, mimi na wanangu, tukalijenga upya nyuma ya kisima. Alitaka pia chumba cha mbele kihamishwe. Basi tulianza na mlango: wa mbao ngumu ya mbambakofi, wa babu yake, fremu yote pamoja na kizingiti. Ng'oa mlango kwanza, kisha boriti moja moja kutoka juu, uziandike namba kwa mkaa. Mawe yaache mwisho, yanaweza kulowa.