Jinsi ya kupita kwenye mitaro na makalavati ya Tanga, hatua kwa hatua

Kuna vijana wamekuwa wakiniuliza kule chini tunaingiaje, tunabeba nini, na mbona hatujasombwa mpaka leo. Naandika yote hapa kwa mkupuo mmoja, someni mpaka mwisho kabla hujavaa buti.

Tuelewane kwanza, Tanga sio London. Kule wana mto mzima unaitwa Fleet, waliufunika kidogo kidogo karne ya 18 na ya 19, unaingia Thames pale daraja la Blackfriars, na mpaka leo ukisimama kwenye wavu wa chuma pale Ray Street unasikia maji yanakimbia chini ya lami. Melbourne kuna kundi linaitwa Cave Clan, toka 1986 wanapita kwenye mitaro mikubwa ya mvua. Sisi tuna mitaro ya wazi, makalavati ya boksi chini ya barabara, ya bomba, na yale yanayopita chini ya tuta la reli, na mengi ni mafupi tu. Ila ufupi usikudanganye, kwa sababu mtaro wa Tanga una maji pande mbili, juu kuna mvua na chini kuna bahari, na mdomo wa mtaro ndio mlango wako wa kutokea, sasa bahari ikijaa inaufunga huo mlango nyuma yako wakati we bado uko ndani unapiga picha. Mwongozo wote huu umejengwa juu ya hilo.

HATUA YA KWANZA: upite juu kabla hujapita chini

Chukua baiskeli, mji wetu tambarare hauchoshi. Anza Ngamiani kwenye barabara za namba, fuata mtaro mmoja tu, usirukie mwingine, uone unapozama chini ya barabara na unapotokea. Waulize wazee waliokaa barazani, "Shikamoo mzee, mvua ikinyesha maji ya hapa yanaelekea wapi?" Utaambiwa vitu ambavyo hakuna ramani inavyo, wapi palikuwa bondeni kabla nyumba hazijajengwa, wapi maji yanarudi nyuma, kalavati gani liliziba na likazibuliwa lini. Kama unaweza, siku ya mvua kaa sehemu ya juu yenye usalama uangalie tu. Ukishaona mtaro ambao asubuhi ulikuwa na kijito cha kulowanisha kandambili unafurika mpaka barabarani ndani ya dakika chache, hutahitaji mtu kukuhubiria.

Hapa hapa ndipo unapotenganisha mtaro wa mvua na maji taka. Chemba za maji taka zina mfuniko wake, ziko kwenye mstari, zina harufu yake. Hizo HATUFUNGUI na HATUINGII, hata ukiwa na vifaa, hata ukiitwa. Ni mali ya mamlaka ya maji, na humo gesi inaua. Na kisa cha makaro mnakijua, mmoja anazama, anaanguka, wa pili anamfuata kumuokoa naye analala palepale. Kama mtaro wa mvua umeungiwa bomba la choo (na yapo, watu wanaunganisha usiku), huo nao uhesabu ni maji taka, achana nao.

HATUA YA PILI: ruhusa

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwone mwenyekiti, mweleze unapima mitaro na unataka kuingia kalavati fulani. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, barabara kuu ni TANROADS, na kwenye reli usikanyage tuta bila kuongea na shirika la reli. Ile njia ya reli ilianza kujengwa hapa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, treni bado zinapita, kwa hiyo kuingia kwenye kalavati lake bila mtu kujua uko pale ni kujitafutia balaa. Na watu wa mtaani wakikuona umeinama mtaroni na tochi wana haki ya kuuliza, waambie ukweli, salimia vizuri, na mara nyingi wao ndio watakaokuonyesha mlango mzuri zaidi.

HATUA YA TATU: maji ya chini

Hii naikalia kidogo maana ndio tofauti yetu na watu wa bara.

Bahari ya Tanga inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu na siku moja mbili zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji yanakupwa mwisho mida ya saa nne mpaka saa tano asubuhi, akina mama wanaokwenda kuokota chaza wanalijua hilo bila kuangalia simu. Bandari nao wanatoa jedwali la maji, na ukienda Deep Sea, pale wanapofikia wavuvi, ukamuuliza yeyote atakupa saa yake.

Sasa kosa la wengi ni kufikiri bahari inapanda taratibu mwendo mmoja. Haiko hivyo. Saa ya kwanza baada ya maji kupwa inapanda kidogo sana, unaona bado una muda, afu saa ya tatu na ya nne ndio inakimbia, kila moja ya hizo inabeba kama robo ya tofauti yote. Tofauti ikiwa mita 3 maana yake sentimita 75 ndani ya saa moja, hiyo ni mapajani kwa mtu wa kawaida, na kama kalavati lina kimo cha mita moja na nusu basi nusu yake imeliwa ndani ya saa hiyo moja tu.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Ingia maji yanapokupwa, kama saa mbili kabla hayajafika mwisho, na uwe umetoka yanapofika mwisho. Usisubiri yaanze kurudi. Na pendelea kuingilia mdomoni kupanda juu, ili ukitaka kurudi unafuata tu maji yanakokwenda, huwezi kupotea.

Siku za maji mafu, yaani katikati ya bamvua moja na nyingine, bahari haiendi mbali, midomo mingine inabaki imelowa siku nzima, hizo siku pumzika au fanya kazi ya juu.

HATUA YA NNE: maji ya juu

Wenzetu wa Australia wana msemo wao kwamba mvua ikinyesha hakuna mtaro, basi. Sisi tuongeze: mvua ikitishia hakuna mtaro, na mvua ikinyesha upande wa juu wa mji wakati kwako jua linawaka, bado hakuna mtaro. Masika ya Machi mpaka Mei usiingie kabisa, vuli ya Oktoba mpaka Desemba ogopa kila wingu. Miezi mizuri ni Januari na Februari kaskazi ikivuma, na Julai mpaka Septemba siku ambazo kumekauka kweli. Ila pwani yetu manyunyu hayaishi hata kiangazi, soma utabiri wa TMA asubuhi ileile sio wa jana.

Kwa anayedhani natia chumvi, piga hesabu na mimi. Mvua ya milimita 20 ikimwagika kwenye hekta moja ni lita 200,000, hayo ni maboza 20 ya lita elfu kumi kumi. Mtaa wa mabati na lami wa hekta 50 ni maboza 1,000. Mvua hiyo ikinyesha nusu saa, hayo maji yote yakielekea mtaro mmoja ni karibu boza moja kila sekunde mbili. Toa nusu iliyozama ardhini, bado ni boza moja kila sekunde nne linapita kwenye tundu ulilosimama we. Na maji yanayokimbia hayahitaji kufika kifuani, ya chini ya goti yanatosha kumwangusha mtu mzima kama yana kasi.

Hesabu inakuwa mbaya zaidi Machi, maana bamvua za Machi na Septemba ndio kubwa za mwaka na masika nayo ndio inaanza. Maji ya juu yanashuka, bahari imeziba mdomo, yanakosa pa kwenda, yanarudi mitaani.

HATUA YA TANO: vifaa

Sio vingi. Mabuti ya mpira yenye soli ngumu, maana misumari na vioo vipo. Suruali ndefu, glavu za fundi, helmeti (paa la kalavati lina vyuma vya zege vimechomoza, kichwa kitagonga tu). Tochi ya kichwani, ya pili mfukoni na betri zake. Fimbo ndefu ya kupapasa mbele kabla mguu haujaenda, hapo chini ya maji meusi kunaweza kuwa na shimo la kuzamishia mchanga, na fimbo inamwamsha kenge au nyoka akaondoka kwa heshima. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, ingawa ndani mtandao unakata.

Watu ni watatu. Wawili wanaingia, mmoja anabaki juu mdomoni, hachezi na simu, anaangalia mbingu na bahari. Mpe saa ya mwisho. Ikipita hamjatoka anapiga 114, zimamoto, haingii kuwafuata.

HATUA YA SITA: hewa

Kama hauna kipima gesi, kanuni yangu ni moja na silegezi: unaingia kalavati ambalo ukichungulia unaona mwanga upande wa pili. Mwanga ukionekana na upepo unapita, ingia. Lenye kona, lenye giza, au lililozibwa na taka upande mmoja, unaishia mlangoni.

Kipima gesi kizuri kinasoma vitu vinne, oksijeni, gesi za kulipuka, kabonimonoksaidi na haidrojeni salfaidi. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9, ikishuka 19.5 toka. Haidrojeni salfaidi ndio ile harufu ya yai viza, inatengenezwa na tope lililokaa bila hewa, inatulia chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa, na ukikanyaga lile tope unaifungulia. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, husikii tena harufu, unadhani imeisha kumbe ndio imekolea. Kwa hiyo harufu ikitokea afu ikapotea ghafla, hiyo sio habari njema, geuka. Na tafadhali, msipime hewa kwa kibiriti wala mshumaa, methani inalipuka ikiwa asilimia 5 tu ya hewa.

Anayetaka kujua kama giza analiweza aende kwanza Mapango ya Amboni, kilometa 8 hivi kaskazini ya mji, aingie na mwongozaji. Yale mapango ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa muda mrefu kupita kiasi, ni mtaro ambao hakuna mhandisi aliyeuchora, na utajua humo kama kifua kinabana.

HATUA YA SABA: ndani

Simama mlangoni dakika mbili macho yazoee. Usitazame mbele kwanza, tazama ukuta. Kalavati la karibu na bahari lina chaza wadogo wamegandia zege, wembamba wenye makali, wanaanzia chini wanapanda mpaka kimo fulani afu wanakata, juu yake zege tupu. Chaza haishi pasipofikiwa na bahari, kwa hiyo juu kabisa wanapoishia panakuambia maji ya chumvi yanazoea kufika wapi. Sasa inua tochi. Juu ya huo mstari utaona vipande vya mifuko, nyasi kavu, uzi wa mkonge, vimenasa kwenye kila chuma kilichochomoza, vyote vimelala kuelekea baharini. Hiyo ni alama ya mvua. Ukikuta nyasi zimenasa kwenye paa lenyewe, ujue kuna siku hapa palijaa mpaka juu bila kubakiza hata pumzi moja. Napima zote mbili kwa futi kila mahali ninapoingia, mimi hapo ndipo utamu wa kazi ulipo, mtaro unakueleza maisha yake yote kwenye ukuta mmoja.

Tembea miguu mipana, taratibu, usikoroge tope. Popo ukiwakuta waache, rudi.

Ondoka bila kujadiliana ukiona kimojawapo: maji yaliyokuwa meupe yanakuwa ya kahawia, taka zinaanza kuelea nyingi kuliko mwanzo, upepo unakupiga ghafla kutoka juu, unasikia mvumo, au mtu wa nje anapiga filimbi. Kama mdomo uko mbali panda ngazi au tundu la karibu, usishindane mbio na maji.

HATUA YA NANE: ukishatoka

Oga kwa sabuni siku hiyohiyo, osha mabuti yaanike juani. Kidonda chochote safisha na ufunge. Mkojo wa panya kwenye maji unaleta homa ya mgunda, ndio ile ya Lindi 2022 iliyotangazwa na Ummy Mwalimu alipokuwa waziri wa afya. Inaanza na homa, kichwa, misuli ya miguu inauma hasa vigimbi, macho mekundu, siku chache mpaka wiki kadhaa baadaye. Ikikupata nenda hospitali na UMWAMBIE daktari uliingia mtaroni, asipojua hilo anaweza kuhangaika na malaria tu. Inatibika kwa antibaiotiki ikiwahiwa.

HATUA YA TISA: andika

Picha bila kipimo hazisaidii mtu, weka ile fimbo kwenye picha. Andika upana, kimo, urefu, aina (boksi, bomba, mawe), mstari wa chaza, mstari wa taka, na tope limekula kiasi gani cha nafasi. Dar es Salaam, kwenye mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walichora mitaro yao kwenye OpenStreetMap na ramani zikatumika kupanga mambo ya mafuriko, na hiyo ramani iko wazi, na mitaro ya Tanga tunaweza kuichora wenyewe. Nakala nyingine peleka serikali ya mtaa mwezi Februari, kabla ya masika, wakati bado kuna muda wa kuzibua. Andika kwa kueleweka, kwa mfano "kalavati la boksi, kimo mita 1.2, tope sentimita 50, limebaki zaidi kidogo ya nusu". Mwenyekiti akisoma mstari huo anajua apeleke majembe mangapi, na wapi.